Refa na Penalti ya Pili

Wewe uliye jikoni ukingoja chakula kiive, nawe mzee uliyekwisha kuvua viatu, na nyinyi mtakaosoma maneno haya baadaye katika gazeti letu, nawasalimu nyote.

Najua wako akina mama wanaosema kwamba mpira ni mambo ya wanaume, tena unawapotezea watoto wakati wa masomo. Leo nawaomba mnivumilie kidogo. Habari nitakazowasimulia si za mchezaji, bali ni za refa. Na refa, mama, ukimfikiria vizuri, anafanya kazi ile ile unayoifanya wewe kila siku watoto wawili wanapokujia wakilia, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeanza.

Refa huyo aliitwa Jack Taylor. Alizaliwa mwaka 1930 huko Wolverhampton, mji wa viwanda katikati ya Uingereza, na kazi yake ilikuwa kuuza nyama. Ndiyo, alikuwa mtu wa bucha. Siku zile marefa wa Uingereza hawakuwa watu walioajiriwa kwa kupuliza filimbi. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine karani, mwingine askari, na Jumamosi ikifika alitia filimbi na saa katika mfuko akaenda uwanjani. Marefa wa ligi kuu ya huko walianza kuajiriwa kwa mshahara wa kudumu mwaka 2001. Basi Bwana Taylor alikata nyama siku za kazi, na mwisho wa juma akakata maneno ya watu. Alikuwa mtu mrefu sana, mwenye mabega mapana, na nadhani hilo halikumdhuru alipozungukwa na wachezaji wenye hasira.

Alianza akiwa kijana, akaendelea kwa miaka zaidi ya 30, na michezo aliyoiamua ilipita 1,000. Mwaka 1966 alipewa fainali ya Kombe la FA pale Wembley, siku ambayo Everton walifungwa mabao mawili na Sheffield Wednesday kisha wakarudisha yote na kuongeza la tatu. Mwaka 1971 alipewa fainali ya kombe la klabu bingwa za Ulaya, Ajax ya Uholanzi ikaishinda Panathinaikos ya Ugiriki mabao 2 kwa 0. Watu walikwisha kumjua kuwa ni refa asiyetishika. Lakini jina lake limebaki hasa kwa sababu ya dakika 25 za siku moja, na hizo ndizo ninazotaka tuzikalie jioni hii.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 7 Julai 1974, katika mji wa Munich. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia. Ujerumani ya Magharibi walikuwa kwao nyumbani, na wageni wao walikuwa Uholanzi. Watu zaidi ya 75,000 walijaa uwanjani, wengi wao Wajerumani. Timu zote zikasimama tayari, mpira ukawekwa katikati, Bwana Taylor akainua macho kutazama uwanja mara ya mwisho. Akaona kwamba pembeni hakuna vibendera! Vilikuwa vimeondolewa kwa ajili ya sherehe zilizotangulia, na hakuna aliyekumbuka kuvirudisha. Dunia nzima ilikuwa ikitazama, wakuu wameketi, nyimbo za mataifa zimekwisha kuimbwa, na yule mtu wa bucha akawaambia wote wangoje mpaka vibendera virudishwe mahali pake. Mimi nampenda mtu huyu kwa jambo hilo peke yake. Wengi wetu tungesema, aa, vibendera ni kitu kidogo, tuanze tu.

Wakaanza. Waholanzi wakapigiana pasi, wakapigiana tena, Wajerumani wakiwafuata bila kuugusa mpira. Ghafla Johan Cruyff, mchezaji hodari kuliko wote wa wakati ule, akachomoka mbio na kuingia eneo la hatari, na Uli Hoeness akamwangusha. Taylor akapuliza filimbi na kuonyesha alama ya penalti. Wasikilizaji, mchezo ulikuwa haujatimiza dakika mbili. Katika fainali zote za Kombe la Dunia zilizotangulia, hakuna refa aliyewahi kutoa penalti. Johan Neeskens akaupiga, na Mjerumani wa kwanza kuugusa mpira siku ile alikuwa kipa wao, Sepp Maier, alipoutoa wavuni.

Jaribu kusimama pale aliposimama Bwana Taylor. Wenye nyumba wamefungwa kwa neno lako. Nahodha wao, Franz Beckenbauer, anakuja karibu nawe, na inasimuliwa kwamba alimkumbusha refa kuwa yeye ni Mwingereza. Maana yake unaielewa. Waingereza na Wajerumani walikuwa wamepigana vita viwili vikubwa katika karne ile, na kwa mpira pia walikuwa mahasimu tangu fainali ya 1966. Ilikuwa kama kumwambia, tunajua moyo wako uko upande gani.

Sasa ikafika dakika ya 25. Mjerumani mmoja, Bernd Hölzenbein, akaingia na mpira eneo la Waholanzi. Wim Jansen akanyoosha mguu kumzuia. Hölzenbein akaanguka. Filimbi ikalia tena, mkono ukanyooshwa tena. Penalti. Paul Breitner akafunga, ikawa 1 kwa 1. Kabla ya mapumziko Gerd Müller akaongeza bao la pili, na hilo ndilo lililowapa Wajerumani kombe.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na hayajakwisha mpaka leo. Waholanzi walisema Hölzenbein alijitupa. Lugha ya Kijerumani ina neno lenye maana ya ndege aitwaye mbayuwayu, na Waholanzi wamelichukua neno hilo kumwita mchezaji anayejirusha chini ili apewe penalti. Lakini waliomshtaki refa walikwenda mbali zaidi. Walisema hivi: Taylor aliogopa. Alijua amewaumiza wenye nyumba mapema mno, basi akatafuta nafasi ya kuwarudishia. Alitoa penalti ya pili ili kulipa ile ya kwanza.

Bwana Taylor alikataa kabisa. Aliulizwa jambo hilo miaka nenda miaka rudi, naye akajibu neno moja: penalti zote mbili zilikuwa penalti. Alikumbusha kwamba sheria ya siku zile ilihesabu kuwa kosa kumtega mtu mguu, na pia kujaribu tu kumtega. Mguu wa Jansen ulinyooshwa, na kwa refa hilo lilitosha. Mimi nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na nimeziona picha zake. Namwamini. Lakini nawaambia kweli, kumwamini kwangu hakumsaidii kitu, kwa maana shtaka lenyewe halikuhusu mguu wa Jansen. Lilihusu moyo wa Taylor, na huko hakuna kamera inayoingia. Siku hizi, tangu Kombe la Dunia la 2018, refa akiwa na shaka hukimbia kando ya uwanja akatazame picha kwenye televisheni. Picha itamwonyesha kama mguu uligusa mguu. Haitamwonyesha kwa nini mkono wake ulikuwa mwepesi kupuliza filimbi mara ya pili.

Wapenzi, hilo ndilo jambo lililonifanya nimlete mtu huyu mbele yenu. Tunajua sote kwamba hukumu ya rushwa ni mbaya. Tunajua hukumu ya woga ni mbaya. Lakini hukumu ya kurudishia, nani aliyetufundisha kwamba ni mbaya? Mara nyingi tunaiita busara. Mama amemchapa mtoto mkubwa asubuhi, kisha jioni anatambua moyoni kwamba alimwonea. Badala ya kumwambia mtoto, mwanangu, nilikosea, anangoja mdogo afanye kosa dogo, amchape naye, ili wawe sawa. Sasa ana watoto wawili walioonewa, naye anakwenda kulala akijiona mwenye haki.

Na sisi wazee ni vivyo hivyo. Niliwahi kuketi pamoja na wenzangu tukisikiliza shauri la jamaa wawili kuhusu mpaka wa shamba. Tuliamua, na aliyeshindwa aliondoka na uchungu mwingi. Miezi michache baadaye alirudi na shauri lingine, juu ya ng'ombe aliyeharibu mahindi, na safari hii makosa yalikuwa yake waziwazi. Tukampa ushindi. Hakuna aliyesema kwa kinywa kwamba tunamfariji, lakini tulitazamana, tukaelewana. Mwenye ng'ombe alikuwa kijana mpole, hakubisha. Alituamkia kwa heshima akatoka. Mpaka leo nikikutana naye njiani, salamu yake inanikata.

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 1, Musa anawaagiza waamuzi wasikilize mdogo kama mkubwa wala wasiogope uso wa mtu. Hilo tumelihubiri mara nyingi. Lakini fungueni pia Mambo ya Walawi, mlango wa 19, mstari wa 15. Pale waamuzi wanakatazwa kumpendelea mwenye nguvu, na kabla ya hapo wanakatazwa kumpendelea maskini. Maskini! Nilipokuwa kijana nilidhani ni kosa la wapiga chapa. Sasa nadhani aliyeandika alijua jinsi mwamuzi anavyoweza kuiba haki ya mtu mmoja kwa sababu anamhurumia mwingine, au kwa sababu anajihurumia mwenyewe.

Basi mwamuzi akikosa kweli, afanyeje? Hapa nitamtaja Mwingereza mwingine. Baada ya Taylor ilipita miaka 36 kabla ya refa wa Uingereza kupewa tena fainali ya Kombe la Dunia. Alikuwa Howard Webb, sajini wa polisi kutoka upande wa Yorkshire, na fainali ilikuwa hapa hapa Afrika, mjini Johannesburg, tarehe 11 Julai 2010. Wengi wenu mliitazama. Waholanzi tena, safari hii na Hispania, nao walicheza kwa miguu ya juu. Kabla ya mapumziko Nigel de Jong alimpiga Xabi Alonso teke la kifuani. Webb akamwonyesha kadi ya manjano tu. Dunia nzima iliona kwamba ni nyekundu.

Webb hakuliona tukio lile vizuri. Mbele yake palizibwa. Baadaye, alipoona picha, alikubali hadharani kwamba De Jong alistahili kutoka. Hakusema sheria ina utata, wala hakuwalaumu washika vibendera. Alikosea, akasema alikosea, na neno hilo limeandikwa pamoja na jina lake, ingawa fainali ile ilikuwa kilele cha kazi yake yote. Kwa mtu aliyetafuta siku hiyo maisha yake yote, hilo si neno jepesi kulitamka.

Siku Webb alipopuliza filimbi yake Johannesburg, Jack Taylor alikuwa bado hai, mzee wa miaka 80. Alifariki Julai 2012. Katika maisha yake alipewa nishani na Malkia, na baada ya kuacha filimbi alifanya kazi katika klabu ya mji wake, Wolverhampton Wanderers. Hata uzeeni watu walipokutana naye hawakumwuliza juu ya ile michezo 1,000. Walimwuliza juu ya penalti ya pili.

Nami nikimfikiria, huwa simwoni akipuliza filimbi. Namwona wakati wa mapumziko ya siku ile, akitoka uwanjani, na Cruyff, mchezaji mkubwa kuliko wote, akimfuata nyuma akimlalamikia bila kunyamaza. Ingekuwa rahisi kujifanya hasikii, hasa kwa mtu anayetaka kupendwa na pande zote mbili, au anayejua ndani yake kwamba ana deni kwa Waholanzi. Taylor alisimama, akamwonyesha kadi ya manjano, akaandika jina lake katika kitabu. Kisha akaingia ndani kunywa maji, maana zilibaki dakika 45.

Muda wetu umekwisha, wapenzi. Aliye na shauri la kuamua kesho asubuhi, nyumbani au barazani, tutamkumbuka katika maombi usiku huu. Laleni salama.