Reli Haifunguliwi kwa Mkasi

Mwaka 2018 jiji la London lilikuwa likijiandaa kwa sherehe. Reli mpya ya abiria, Elizabeth line, ilikuwa ifunguliwe Desemba. Mahandaki yake ya kilomita 42 chini ya jiji yalikwisha kuchimbwa tangu 2015. Kumbe kazi ngumu ilikuwa bado. Agosti mwaka huo wenye mradi walitangaza kwamba tarehe haiwezekani. Abiria wa kwanza walipita katika mahandaki hayo tarehe 24 Mei 2022.

Zege lilikuwa limeshakauka. Kilichobaki ni kuifanya mitambo ielewane. Treni za reli hiyo zilitakiwa kutii mifumo mitatu tofauti ya ishara: mmoja upande wa uwanja wa ndege wa Heathrow, mwingine katika mahandaki ya katikati, na wa tatu, mkongwe, upande wa mashariki. Tena katika stesheni mpya za chini ya ardhi, milango ya treni lazima ilingane na milango ya kioo iliyofungwa ukingoni mwa jukwaa. Programu ya kompyuta inayounganisha yote hayo haiaminiki mpaka ijaribiwe relini.

Na majaribio ndiyo yaliyopunjwa. Ujenzi ulipochelewa, tarehe haikusogezwa. Muda wa kujaribu ndio uliokatwa. Treni zikahitaji kujaribiwa katika mahandaki ambamo mafundi walikuwa hawajamaliza kufunga vifaa. Kazi mbili zikagombea njia moja, zote zikakwama.

Wenye mradi walipojirudi, walijirudi kweli. Kuanzia Mei 2021 treni zilipita bila abiria, mwezi baada ya mwezi. Novemba ikaanza hatua ya mwisho: mazoezi ya dharura, yakiwamo ya kuwatoa watu wa kujitolea ndani ya treni na stesheni. Wakati huo gharama ilikuwa imepanda kutoka pauni bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19.

Msimamo wangu ni huu: tarehe ya kufungua reli itolewe na majaribio, isitolewe na wanasiasa. Miji yetu nayo inajenga na kurefusha reli. Kiongozi akikutangazia siku ya kukata utepe, mwulize swali moja: treni zitapita tupu kwa miezi mingapi kabla mimi sijapanda? Akikosa jibu, jua tarehe hiyo ni ya sherehe, si ya safari.