Tujifunze Kuuliza
(Mazungumzo na wahudumu wanaotembelea jamii)



Leo nataka tuzungumze juu ya Diana Russell, mtaalamu wa elimu ya jamii. Alizaliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1938, akafundisha miaka mingi katika chuo cha Mills, California, na akafariki mwaka 2020. Kazi yake ilikuwa kuchunguza dhuluma wanazotendewa wanawake.

Wakati ule watu walitegemea sana hesabu za polisi. Lakini ninyi wenyewe mnajua ni akina mama wangapi hufika kituoni. Basi mwaka 1978 wanawake 930 wa mji wa San Francisco walihojiwa katika uchunguzi wake. Waliouliza ni wanawake waliofunzwa kazi hiyo, na waliuliza faraghani. Hawakutosheka na swali moja, “Umewahi kubakwa?” Waliuliza kwa njia nyingi, juu ya mambo yenyewe yaliyotendeka. Kwa nini? Kwa sababu mke aliyelazimishwa na mumewe mara nyingi haliiti jambo hilo ubakaji. Husema tu, “Ni mambo ya nyumbani.”

Majibu yalishtua. Kati ya walioolewa au waliowahi kuolewa, 14 kwa kila 100 walisema mume aliwabaka au alijaribu. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1982, na kufikia 1993 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yamebadilisha sheria zake.

Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani inataja pia dhuluma ya kingono ndani ya ndoa. Mke aweza kuomba mahakama amri ya kumkinga. Lakini sheria haitamsaidia mama ambaye hakuna aliyemuuliza vizuri.

Kwa hivyo, tukitembelea nyumba:

Usimuulize mama mbele ya mume au mama mkwe.

Usianze na neno zito. Uliza, “Je, kuna wakati unaogopa akirudi?” Halafu nyamaza, sikiliza.

Usiseme, “Kwani ulimkosea nini?” Swali hilo hufunga mdomo.

Na maneno yake usiyapeleke kisimani. Yakimfikia mume, mama ataumia mara ya pili, na mlango huo hutafunguliwa tena.

Sasa tupate maswali yenu.