Beira: Lango Lenye Maadui Wawili

Katika nchi jirani ya Msumbiji, mahali ambapo mito ya Pungwe na Buzi huingia baharini, upo mji wa Beira. Mji huo haukuwekwa hapo kwa uzuri wa mahali. Ardhi yake ni tambarare ya matope na mikoko, na baadhi ya mitaa iko chini ya kimo cha maji ya bamvua, ambayo hupanda mita 6 na zaidi. Toka Novemba hadi Aprili mvua ni nyingi, na huo ndio wakati wa tufani zitokazo Bahari ya Hindi. Walioujenga walitaka jambo moja tu: njia fupi ya kwenda bara.

Tamaa ya njia hiyo ni ya kale. Kusini ya Beira ilikuwapo Sofala, ambako wafanyabiashara Waswahili walipokea dhahabu kutoka nyanda za juu za Zimbabwe, na dhahabu hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Wareno walijenga ngome Sofala mwaka 1505. Bahari ikaila pwani, na mawe ya ngome yakachukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira. Mtu angedhani somo hilo lingetosha. Lakini mwaka 1887 Wareno haohao walianzisha Beira juu ya matope ya namna ileile. Mwaka 1898 reli ilifika Umtali, yaani Mutare ya leo, na tangu hapo anayeishika Beira ameshika koo la Zimbabwe.

Historia ya ukombozi inathibitisha hayo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wa uongo mwaka 1965, manowari za Uingereza zilifanya doria mbele ya Beira toka 1966 hadi 1975 ili mafuta yasiwafikie kwa bomba. Mafuta yaliwafikia kwa njia nyingine, kwani Makaburu na wakoloni wa Kireno walikuwa upande wao. Mwaka 1976 Msumbiji huru ilifunga mpaka, ikakubali hasara kubwa katika bandari na reli zake. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 njia ilifunguliwa, na hapo reli na bomba vikawa shabaha ya wahujumu. Mwaka 1982 askari wa Zimbabwe waliingia kulinda njia hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 300. Hata hivyo, Desemba mwaka huohuo makomando wa Makaburu walilipua matangi ya mafuta mjini Beira. Askari aliyepata kulinda daraja usiku anajua ugumu wa kazi hiyo: mlinzi hana budi kukesha kila siku, adui huhitaji saa moja tu.

Amani ilipatikana mwaka 1992, lakini adui wa pili hakutia sahihi mkataba wowote. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, 2019, tufani Idai iliipiga Beira kwa upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa. Barabara kuu ya bara ilikatika, mawasiliano yakazimika, na mito ikafurika hata mashamba yakawa ziwa. Watu zaidi ya 600 walikufa nchini Msumbiji peke yake. Miongoni mwa waliokuja na helikopta kuwaokoa waliokwama juu ya miti na mapaa walikuwamo askari wa Afrika Kusini, nchi ileile iliyotuma makomando mwaka 1982, sasa chini ya serikali ya watu wote.

Mitaa iliyokuwa imechimbiwa mifereji na bwawa la kupokea maji miaka michache kabla ya Idai ilikauka mapema kuliko mingine. Katika mto mdogo wa Chiveve, unaopita katikati ya mji, mikoko ilipandwa upya. Milango ya maji nayo ina zamu yake, kwani haina budi kufungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapokupwa, wakati mafuta ya Zimbabwe yakiendelea kupita katika bomba lilelile.