KUBADILI NENO LA SIRI: KOSA NILILOLIFANYA MWAKA 2014

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka niseme juu ya mtumishi wa umma na maendeleo ya teknolojia. Kichwa hicho ni kikubwa, na kwa jinsi ninavyoziona nyuso za vijana kule nyuma, pilau ingepoa kabla sijafika katikati. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumzie jambo moja tu ninalolijua kwa sababu lilinipata mwenyewe. Mwaka 2014 niliwaambia watumishi wenzangu zaidi ya mia moja wabadili maneno yao ya siri. Wakanisikiliza, wakayabadili, na kwa kunisikiliza wakawa katika hatari kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo jana yake.

Mtakumbuka kwamba tarehe 7 Aprili ni Sikukuu ya Karume. Mwaka ule ilikuwa Jumatatu, ofisi zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani nikitengeneza banda la kuku. Siku hiyohiyo ilitangazwa duniani kwamba imegunduliwa kasoro katika programu iitwayo OpenSSL. Kasoro hiyo ilipewa jina la Heartbleed, yaani moyo unaovuja damu, na iligunduliwa na mtaalamu wa kampuni ya Google na pia, kila upande kwa wakati wake, na mafundi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Jumanne nikaisoma habari hiyo. Jumatano asubuhi, mimi niliyekuwa ofisa mdogo mwenye kimbelembele cha kutosha, nikaandika tangazo, nikalipeleka kwa mkubwa wangu, akalitia sahihi, likabandikwa kila mlango: "Watumishi wote wabadili maneno ya siri ya barua pepe za ofisi leo kabla ya saa tisa na nusu."

Nilijivuna, sifichi. Nilipita chumba hadi chumba nikiwasaidia wazee ambao vidole vyao havikuzoea mashine.

Sasa hapana budi nieleze kasoro yenyewe, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka. Mnapofungua ukurasa wa benki au wa barua pepe, mara nyingi mnaona alama ndogo ya kufuli. Maana yake ni kwamba maneno yanayopita baina yenu na seva yamefumbwa, na mtu akiyadaka njiani haambulii kitu. Kazi ya kufumba hufanywa na programu, na OpenSSL ilikuwa miongoni mwa zile zilizotumiwa mno ulimwenguni. Ndani yake mlikuwa na utaratibu ulioitwa mapigo ya moyo. Kompyuta moja humwuliza mwenzake, "Bado upo?" Humpelekea neno fupi, humtajia na urefu wake, na mwenzake hulirudisha neno lilelile kuonyesha kwamba yu hai.

Wale tuliokula chumvi ya serikali tunaijua masjala. Chukulieni kwamba unampelekea karani karatasi moja, na juu yake umeandika: "Nirudishie karatasi zangu 64." Karani makini atahesabu, ataona ni moja, atakufukuza. Karani wetu huyu hahesabu. Anaiweka karatasi yako juu ya rundo lililopo mezani, anatoa kutoka juu mpaka zitimie 64, anakukabidhi. Ya kwanza ni yako. Zile 63 ni za watu wengine: barua ya siri, hati ya mshahara, labda na ufunguo wa kabati uliosahauliwa katikati ya makaratasi. Tena haandiki kitu katika daftari lake. Ukirudi baada ya dakika moja anakupa nyingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila ombi liliweza kutoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, na aliyeomba hakuacha alama katika daftari la kawaida la seva. Hakuna aliyevunja kufuli. Mfumbo wenyewe ulikuwa mzima kabisa, ila karani aligawa makaratasi. Kosa lilikuwa la kutohesabu urefu wa neno, nalo liliingizwa tarehe 31 Desemba 2011 na kijana Mjerumani aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari, ambaye kwa nia njema alikuwa akisaidia kuiboresha programu hiyo. Mkaguzi wa kazi yake naye hakuliona. Programu ikatolewa kwa umma mwezi Machi 2012, na kwa miaka miwili karani akawa anagawa.

Hapo nataka nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili lilinishangaza kuliko kasoro yenyewe. Programu hiyo iliyolinda biashara za mabilioni ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiifanyia kazi muda wote. Makampuni makubwa yaliichukua bure, yakatajirika, wala hayakuuliza nani anaitunza. Baada ya aibu ile ndipo yalipochanga fedha, kupitia mfuko uliotangazwa na Linux Foundation mwezi uleule wa Aprili. Nasi wa hapa tusicheke sana. Wenye kukumbuka pampu ya maji iliyokuwa nyuma ya jiko la shule, na jinsi kila mmoja alivyoteka na hakuna aliyeitia mafuta, wananielewa.

Turudi kwenye tangazo langu. Katika mfano wa masjala, meza ni kumbukumbu ya seva, na juu ya meza hukaa yale yaliyoshughulikiwa hivi punde. Neno la siri ambalo hukulitumia kwa mwezi mzima huenda halimo mezani kabisa. Lile uliloliandika dakika hii limo. Kabla ya tarehe 7 Aprili watu walioijua kasoro hiyo walikuwa wachache. Baada ya tarehe 7 ilijulikana na kila mwizi mwenye kompyuta. Katika siku zilezile ambazo wezi wa dunia nzima walikuwa wakipiga foleni kwa karani, mimi niliwaamuru watu mia moja na zaidi waende wakaweke karatasi mpya mezani kwake.

Maana seva yetu ilikuwa haijatengenezwa. Sikuuliza. Nilidhani kubadili neno la siri ndiyo tiba. Fundi wa kampuni iliyotuuzia mitambo alikuja baada ya Pasaka, tarehe 24 Aprili. Akaitazama seva, akasema, "Hii ni miongoni mwa zilizoathirika." Nikahesabu moyoni: siku 15. Nikamwuliza, "Na wale waliokwisha kubadili?" Akanitazama kwa huruma. "Watabadili tena, kaka. Lakini wasubiri nimalize."

Kumaliza kwenyewe kulikuwa na hatua mbili, na ofisi nyingi duniani zilifanya ya kwanza zikasahau ya pili. Ya kwanza ni kuweka toleo jipya la programu, lile ambalo karani wake anahesabu. Ya pili ni kuubadili ufunguo wa seva yenyewe pamoja na cheti chake, kwani ufunguo huo nao ulikuwa katika rundo la mezani. Wapo waliodhani hauwezi kuibika kwa njia hiyo. Tarehe 11 Aprili kampuni ya Cloudflare ilisimamisha seva ya majaribio, ikawaalika watu wajaribu kuuiba ufunguo wake, na siku hiyohiyo ukapatikana. Aliye nao aweza kujifanya seva yako hata baada ya wewe kuziba tundu. Kwa hiyo mpangilio ni huu: programu, ufunguo na cheti, na mwisho kabisa neno la siri la mtumiaji. Mimi nilianza na la mwisho.

Linganisheni na Kanada. Idara yao ya kodi ilifunga huduma zake za mtandaoni katikati ya msimu wa kulipa kodi, wananchi wakanung'unika, nayo ikakaa kimya ikitengeneza. Hata hivyo namba za utambulisho za walipa kodi 900 zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa katika muda wa saa sita. Walifunga mlango upesi, na bado waliibiwa. Sisi tuliuacha wazi siku 15 huku tukiwahimiza watu waingize mizigo.

Ikanibidi niandike tangazo la pili, na hapo ndipo adhabu yangu ilipokuwa. Mara ya kwanza walibadili karibu wote. Mara ya pili nilipopita vyumbani, mama mmoja mtunza kumbukumbu, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, akavua miwani akaniambia, "Mwanangu, juzi ulitusumbua tukakutii. Leo tena? Na wiki ijayo je?" Nikaanza kumweleza habari za programu na cheti. Akavaa miwani yake, akaendelea na majalada. Waliobadili mara ya pili hawakufika nusu. Ingekuwa rahisi kama ningesema, "Nilikosea, naomba radhi, nilitanguliza la mwisho." Tangazo langu lilisema, "Kufuatia maelekezo mapya ya kitaalamu." Ninyi mliozoea lugha ya ofisi mnajua maana ya maneno hayo.

Miezi michache baadaye barua pepe ya mzee mmoja wa ofisi yetu ilitumika kuwaandikia rafiki zake kwamba amekwama safarini na anaomba msaada. Mmoja wao alituma shilingi 300,000. Mzee huyo alitumia neno moja la siri kwa barua za ofisi, barua za nyumbani na mambo yake mengine yote. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba lilichukuliwa katika siku zangu zile 15, kwa kuwa karani haandiki daftari. Mzee hakunilaumu hata siku moja. Nilimsindikiza polisi kuandikisha habari, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi, na njia nzima ya kurudi alinishukuru kwa kumpotezea muda wangu.

Wala mimi sikuwa mjanja kuliko yeye. Neno langu la siri, kwa kila kitu, lilikuwa jina la bweni langu la hapa pamoja na namba yangu ya usajili. Naona wenzangu wa bweni mnacheka hapo mbele. Msihangaike kujaribu, nimekwisha kulibadili.

Vijana mtaniuliza: basi tubadili kila mwezi? Hapana. Ofisi nyingi ziliwalazimisha watu kubadili kila miezi mitatu, nao wakawa wanaongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni. Mwaka 2017 Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliandika wazi katika mwongozo wake kwamba mtu asilazimishwe kubadili kwa sababu kalenda imegeuka, bali pale penye dalili kwamba neno limevuja. Neno refu, lisilotumika mahali pengine popote, laweza kukaa miaka. Likivuja, ulizeni kwanza kama tundu limezibwa, tena mwulizeni mwenye seva, msimwulize ofisa mwenye kimbelembele. Na namba ya siri ya fedha za simu isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, ambao darasa zima linaujua.

La mwisho, Ndugu Mwenyekiti. Asubuhi Mwalimu Mkuu alitutembeza katika chumba kipya cha kompyuta, nami nimefurahi mno, kwani wakati wetu palikuwa stoo ya majembe. Pale ukutani, juu ya swichi ya taa, pameandikwa kwa chaki neno la siri la kuingilia mashine zote. Nimezungumza na mwalimu anayehusika. Tumekubaliana kwamba baada ya chakula, mimi na vijana wawili wa kidato cha tatu tutaanza kwa kuziwekea mashine programu mpya, ambazo zinaonekana hazijaguswa tangu zifike. Kazi hiyo huenda ikatuchukua mpaka kesho. Chaki tutaifuta baadaye.