Kompyuta Kuukuu: Tuzitupe au Tuzitunze?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa jumuiya baada ya Taraweh)



Ndugu na dada zangu, mada niliyopewa ni zile kompyuta zetu. Mnajua mvutano uliopo: kuna wanaosema tuchange tununue mpya zote, na kuna wanaosema bado zinawaka, za nini kuzibadilisha?

Nianze na hawa wa "bado zinawaka". Kuwaka peke yake si hoja. Kompyuta zetu zinatumia Windows 10, iliyotoka mwaka 2015. Microsoft iliacha kuipa ulinzi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha ndio walioongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Mashine haizimiki, la. Itaandika, itachapisha. Lakini likigunduliwa tundu jipya la mwizi kupitia, hakuna wa kuliziba. Na kwenye mashine hizo hizo ndipo wadogo zetu wanapoomba mkopo wa HELB, wanajaza nambari ya kitambulisho na majina ya wazazi. Hiyo ni amana ya watu, jamani.

Sasa hawa wa "tununue". Mbona haraka hivi? Ni kweli Windows 11 inazikataa nyingi kati ya zetu, kwa sababu inataka kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kuendelea, yaani zilizoanza kutoka 2017. Lakini kwani Windows ndiyo kompyuta? Ipo Linux Mint, haina bei, na masahihisho yake ya ulinzi yanakuja. LibreOffice nayo inafungua kazi za Word na Excel, ingawa nisiwadanganye, mpangilio wa ukurasa wakati mwingine huvurugika, kwa hivyo barua ya kuomba kazi itume kwa PDF. Na ule uzito mnaoulalamikia, mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka. Itoe, tia SSD, utadhani si mashine ile.

Sisemi kila kitu kinafufuka. Betri iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja, inaweza kushika moto. Na yenye RAM ya 2GB, ukifungua kurasa mbili za intaneti imekwama. Hiyo hata Linux haitaifanya kijana.

Simu nipite haraka. Mulika mwizi ya mama inatumia M-Pesa tangu 2007, kwa kuwa huduma yenyewe imo kwenye laini. Mwacheni mama na simu yake. Lakini kijana anayekimbilia simu ya mkopo wa kulipa kila siku, na yake imepasuka kioo tu, ajumlishe kwanza malipo ya mwaka mzima, aulize na bei ya kioo.

Basi rai yangu, kabla ya mchango wowote, Jumamosi baada ya Alasiri tuzikague moja moja. Inayokubali Windows 11 tuipandishe, haina malipo kama Windows 10 yake ni halali. Zilizokataliwa tuzijaribishe Linux kwa flashi, bila kufuta kitu. Zitakazoshindwa kote ndizo za kuchangiwa. Mwenye bisibisi ndogo aje nayo, na faili za madrasa zinakiliwe kabla mtu hajagusa diski.

Wabillahi tawfiq.