Ploti Zote ni "Prime"

Msikilizaji, ukishika barabara ya Namanga kupitia Kitengela na Isinya hadi Kajiado mjini, mabango ya ploti yanakupigia kelele kwa Kiingereza: "prime", "exquisite", "breathtaking". Maneno haya mawili ya mwisho, ukiyavua mapambo, yanabaki kuwa "nzuri sana". "Prime" ndilo la kuangaliwa. Maana yake ni bora, daraja la kwanza, lakini bango halisemi bora kwa lipi. Hata ploti ya udongo mweusi unaonata, mvua ikinyesha gari linakwama, nayo huitwa "prime". Mimi sijaona bango la ploti ya kawaida! Na anayeandika "very unique" amezidisha chumvi, kwani kitu ni cha pekee au si cha pekee.

Rejista ya ardhi haina sifa hizo. Ina nambari ya ploti, ukubwa, jina la mwenyewe, na rehani kama ipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inakuruhusu kuomba upekuzi rasmi, ile sachi. Kwa shamba la kilimo, ulizia pia idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Fanya hivyo kabla ya kulipa amana.