Fujo, Mgomo na Kujitawala: Safari ya Neno kutoka Bagamoyo hadi Mlimani



Neno likitumiwa kwa muda mrefu na upande mmoja wa ugomvi, hatimaye huonekana kana kwamba halina upande. Neno fujo, pamoja na ndugu zake vurugu, ghasia na machafuko, ni la namna hiyo. Mhadhara huu unaifuatilia dhana ya fujo kutoka Bagamoyo ya mwaka 1888 hadi chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam. Unadai kwamba kila dhana hiyo ilipowekwa mahali pa dai, swali lililoulizwa lilibaki bila jibu: nani ana haki ya kumtawala nani, na kwa idhini ya nani?

Swali hilo ndilo msingi wa falsafa ya uanaki, ambayo jina lake latokana na Kigiriki kwa maana ya kutokuwa na mtawala. Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alijiita kwa jina hilo mwaka 1840. Mrusi Mikhail Bakunin alifukuzwa katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi mwaka 1872 baada ya kuvutana na Karl Marx kuhusu dola. Alihofia kwamba wanamapinduzi watakaoishika dola watageuka kuwa watawala wapya. Naye Pyotr Kropotkin, katika kitabu chake cha mwaka 1902, alieleza kwamba kusaidiana ni nguvu kubwa katika maendeleo ya viumbe na ya jamii. Wapo wafuasi wa falsafa hii waliotumia mabomu na mauaji, na historia haina budi kuwataja. Hata hivyo, kuitafsiri falsafa nzima kwa neno fujo, kama ifanyikavyo mara nyingi, ni sawa na kuieleza bahari kwa kutaja dhoruba peke yake.

Tofauti iliyopo hapa ni ya kisiasa na pia ya kisarufi. Nomino mgomo, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi goma, hubeba dai ndani yake: anayegoma hugomea jambo, na anayeuliza "Mgomo wa nini?" hungojea maelezo. Maandamano nayo yamejengwa juu ya kauli ya kutendana: watu huandamana, yaani hufuatana. Fujo haina dai. "Fujo za nini?" ni karipio lililovaa kanzu ya swali, na mwenye kulitamka hangoji kuelezwa.

Bagamoyo iliyajua madhara ya jina baya mapema. Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata kwa mkataba, kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, haki ya kusimamia mwambao na kutoza ushuru wa forodha. Maofisa wake walipoanza kazi mwezi Agosti, upinzani ulizuka Pangani na kusambaa, na Septemba mapigano yakafika Bagamoyo. Wajerumani waliuita upinzani huo "uasi wa Waarabu". Jina hilo lilikuwa na faida: liliwezesha vita vya kutwaa mwambao vionekane mbele ya bunge la Berlin kuwa ni vita dhidi ya biashara ya watumwa. Lakini Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, hakupigana na Waarabu peke yao. Walikuwamo majumbe, Waswahili wa kawaida na watu wa bara. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1995, alionyesha kwamba ndani ya ghasia za mwambao mlikuwa na madai ya watu wa tabaka la chini waliotaka kutambuliwa kuwa wenye mji. Jina moja lilizifunika sauti hizo zote.

Miaka 78 baadaye, Taifa likiwa huru, jambo linalofanana na hilo lilijitokeza katika elimu ya juu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Madai yao hayakuwa ya kimapinduzi. Wengi walitetea nafasi ya wasomi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, lakini papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Maandamano yaliadhibiwa, na bado sehemu moja ya dai, ile iliyohusu mishahara ya wakubwa, ilisikika.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na mwelekeo mwingine. Chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967, kilipigwa marufuku Novemba 1970 pamoja na jarida lake, Cheche, kwa hoja kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha. Vijana hao hawakuwa wafuasi wa uanaki. Walisoma Marx, Lenin na Fanon, na waliitarajia dola ya wafanyakazi. Hata hivyo, yaliyowapata yalikuwa karibu sana na yale aliyoyahofia Bakunin. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliondolewa chuoni kwa nguvu baada ya barua ya wazi kwa mkuu wa chuo, na wenzake wakasusia madarasa. Walijitetea kwa lugha ya Mwongozo wa TANU wa mwaka uleule, uliowakataza viongozi majivuno na uonevu. Machi 1978 waliandamana tena kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, na mamia wakafukuzwa.

Jibu la namna nyingine lilijaribiwa wilayani Bagamoyo. Katikati ya miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo katika kijiji cha Msoga. Wanakijiji walichambua matatizo yao wenyewe, wakayaonyesha kwa ngoma na maigizo, kisha wakajadiliana juu ya hatua za kuchukua. Msomi alikaa kama mshiriki. Kazi hiyo haikuhitaji jina la Kropotkin, kwani Kiswahili kilikwisha kuwa na neno ujima, na vitenzi saidiana na shauriana. Ilikuwa kazi ndogo, nayo haikubadili jinsi vyuo vyenyewe vinavyotawaliwa.

Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, na Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, migogoro ya vyuoni imehusu zaidi fedha, hasa posho iitwayo "bumu". Taarifa zake zimeendelea kuandikwa kwa msamiati uleule wa vurugu, na mwanafunzi afukuzwaye kwa jina hilo hupoteza miaka ambayo familia yake imeilipia kwa jasho.

Kutokana na hayo, watunga kamusi wanaombwa kuipa falsafa ya uanaki kidahizo chake, mbali na fujo. Wakuu wa vyuo wanaombwa jambo jepesi zaidi: wanafunzi watakapokusanyika tena, waulizwe kwanza "Mgomo wa nini?", na jibu lao lisikilizwe hadi mwisho.